Casio F-91W: saa ndogo ya plastiki iliyonirudishia jioni zangu

Wadau leo naiongelea saa ya mkononi ya Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki ya namba ambayo wengi mmeiona kwa mjomba au kwa mwalimu wa hesabu. Watu wanaichukulia poa kwa sababu haina mbwembwe, ila kwa kazi ninayofanya mimi naona ndo kitu kilichosaidia kuliko vyote maisha yangu yakae sawa, na ntaelezea kwa nini ili mwenye hali kama yangu aamue mwenyewe.

Mi ni wakala wa miamala ya pesa za simu, kibanda kiko Tandika, Dar. Wanaoijua hii kazi wanajua simu ndo ofisi, floti (yani salio la kufanyia miamala) iko humo, wateja wako humo, grupu la mawakala wa kuazimana keshi na floti liko humo. Unafunga kibanda usiku lakini simu haijafunga, mara mtu kakosea namba anataka umrudishie hela, mara mtu anauliza kesho utakua na milioni mkononi, mara wenzio kwenye grupu wanatafuta floti saa nne ya usiku. Sasa simu hiyohiyo ndo saa yako, ndo alam yako. Unaishika uone tu ni saa ngapi ulale, unakuta meseji, unajibu moja, unapita kwenye status za watu, kuja kushtuka nusu saa imekatika, mwenzio kashalala na hujamuuliza hata siku yake ilikuaje. Alfajiri ndo vilevile, unazima alam kidole kishafungua meseji, unaswali akili iko kwenye floti.

Watu wanasema zima notifikesheni. Sawa, inasaidia, lakini mi naona shida inaanza pale unapoinyanyua simu, ukishainyanyua umeshaingia. Kwa hiyo dawa ni kuondoa sababu za kuinyanyua, na ukizichunguza sababu za usiku nyingi ni mbili tu, kujua saa ngapi na kuamka. Hizo mbili F-91W inazimaliza, na haina kingine cha kukuvutia uendelee kuiangalia.

Sasa saa yenyewe. Ilianza kutoka mwaka 1989, aliyeichora ni Mjapani Ryusuke Moriai, na mpaka leo inauzwa ikiwa na sura ileile, yani saa imezaliwa enzi ambazo huku simu ni ile ya mezani na wengi hawakua nayo, na bado haijahitaji kubadilishwa. Ina gramu kama 21, unasahau kama umevaa. Inaonyesha saa, dakika, sekunde, siku ya wiki na tarehe. Ina alam moja, ina mlio wa kila saa, ina stopwochi ya mpaka dakika 59 na sekunde 59. Basi. Betri ni ile ya duara CR2016 na Casio wenyewe wanasema inakaa kama miaka 7, hebu fikiria, miaka 7 bila kuwaza chaja wala umeme umekatika.

Alam yake nataka niiongelee vizuri kwa sababu ndo iliyobadilisha asubuhi. Inalia sekunde 20 halafu inanyamaza yenyewe, hakuna kitufe cha kuahirisha dakika tano. Sauti ni ndogo lakini iko mkononi au pembeni ya mto kwa hiyo inakuamsha wewe, haimwamshi mtoto. Mi nimeiweka kabla kidogo ya adhana ya alfajiri, na huku kwetu karibu na ikweta nyakati za sala hazihami sana mwaka mzima, unarekebisha kidogo mara mojamoja. Unaamka, unachukua udhu, unaswali, unakaa dakika chache kimya, chai inaandaliwa mnaongea, simu bado iko droo ya kabati la sebuleni kwenye chaja. Ukija kuifungua ushakua mtu mzima mwenye akili zake, hata mteja mwenye fujo unamjibu kwa upole. Sijui nisemeje ila hilo saa moja la mwanzo wa siku likiwa la kwako, siku nzima inaenda tofauti.

Mlio wa kila saa wengi wanauzima wanasema unakera, mi naupenda sana. Kibandani unaweza kukaa toka asubuhi mpaka mchana hujanyanyuka, hujanywa maji, mgongo umekufa ganzi. Ikilia pip pip nanyanyuka, nakunywa maji, nasogea mpaka kwa mama ntilie jirani namsalimia, narudi. Jioni nikiwa na watoto ndo inanikumbusha saa imepita na hapo hakuna aliyeangalia skrini. Stopwochi naitumia nikikimbia asubuhi za wikiendi, na watoto wanaishindania kupimana nani kafika wa kwanza kwenye mwembe wa mwisho wa mtaa, ule ubishi wao wa sekunde ni raha kuusikiliza.

Najua mtu atauliza vipi kuhusu dharura, ukiweka simu droo ndugu akiumwa je. Swali zuri kabisa. Nyumbani kuna kiswaswadu, kile kisimu kidogo cha vitufe, kinakaa mezani, namba yake wanayo familia na majirani wawili watatu, wateja hawana. Na kibandani nimebandika tangazo kwamba aliyetuma hela kimakosa apige huduma kwa wateja wa mtandao wake muda huohuo, maana ukweli ni kwamba wakala hana uwezo wa kurudisha muamala wa mtu, kumpigia mimi usiku anapoteza dakika ambazo ni muhimu kwake. Wateja walizoea haraka kuliko nilivyotegemea, na kamisheni haijashuka.

Upande wa mapungufu yapo na usinunue bila kuyajua. Taa yake ni kitaa kidogo cha kijani upande wa kushoto, gizani inakuonyesha namba za upande huo vizuri, za kulia unakisia. Kwenye kioo imeandikwa WATER RESIST lakini isikudanganye ukaingia nayo baharini Kigamboni, ni ya kuvumilia udhu, mvua na kunawa, kuogelea hapana. Na haijui mwaka, kwa hiyo kila Februari inahesabu siku 28, mwaka wenye 29 unasogeza tarehe mwenyewe, kama mwaka 2028 unavyokuja. Alam ni moja tu, mwenye ratiba ya vidonge mara tatu kwa siku haitomtosha. Wenye mikono minene mkanda unaweza kuwabana, jaribu kwanza.

Kuna anayesema bora saa janja, inahesabu hatua na mapigo ya moyo. Kwa mgonjwa anayefatilia moyo wake sina ubishi, avae. Ila kwa mtu ambaye tatizo lake ni meseji, saa janja inazihamisha meseji kutoka mfukoni kuja kwenye kifundo cha mkono, hapo umepata nini? Nimeona mtu kwenye msiba anaangalia mkono kila dakika, wafiwa wanadhani anataka kuondoka.

Mama mkwe wangu naye anayo, kaiweka kwa majira yetu, yani saa moja asubuhi inasoma 1:00, na inafanya kazi vizuri tu. Ukitaka kufanya hivyo hakikisha asubuhi zile herufi PM hazionekani kwenye kioo, tarehe itakua inabadilika saa kumi na mbili alfajiri badala ya usiku wa manane. Yeye anasema siku inaanza jua likitoka, kwa hiyo kwake ni sawa kabisa.

Sasa kununua. Feki zimejaa, Kariakoo unazikuta zimepangwa kwenye meza kwa bei ya sahani mbili za chipsi mayai, na kwa macho zinafanana sana. Njia inayotumika sana ni kushikilia kile kitufe cha kulia sekunde kama tatu ukiwa kwenye saa ya kawaida, orijino inaandika CASIo kwenye kioo. Isipoandika, rudisha mezani. Ikiandika bado angalia na mgongo wa chuma, uwe na skrubu nne na maandishi yaliyochongwa vizuri, na omba risiti, muuzaji anayejiamini hakatai. Mi nililipa elfu hamsini na kitu duka lenye fremu, ukiona elfu tano jiulize. Feki nyingi zinaonyesha saa vizuri mwanzoni, ila ukitegemea alam yake ikuamshe safari ya basi la alfajiri unajiweka pabaya.

Betri ikiisha mpelekee fundi saa mwenye bisibisi ndogo ya saa, mwambie asipoteze ule mpira mwembamba wa ndani unaozuia maji na aurudishe ulivyokaa. Mkanda ndo unaochoka mapema kuliko saa yenyewe, hasa kwa joto na jasho la Dar, unapasuka pale kwenye matundu, lakini mikanda inauzwa peke yake na kubadilisha ni kazi ya dakika chache. Nyota ntaipa tano, na kama wewe ni wakala, dereva wa bodaboda za mtandaoni, muuza mtandaoni au kazi yoyote ambayo simu ndo mkate wako, nunua hii kabla ya kununua simu nyingine, na siku hiyohiyo tafuta droo ya kuiweka hiyo simu uliyonayo, maana saa bila droo haitokusaidia chochote.