Kozi ya jioni ya misingi ya sanaa na usanifu: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kutengeneza kadi za michango ya harusi na mabango ya maduka. Nilijiandikisha katika kozi hii ya jioni, hapa Dar es Salaam, ili nijue ni kwa nini kazi moja huvutia na nyingine, yenye rangi zilezile na maandishi yaleyale, huchosha macho. Nimepata jibu, ingawa si kila sehemu ya kozi ilifundishwa kwa uzito uleule.

Somo la vipengele, yaani mstari, umbo, rangi, mwanga na giza, mguso (ulaini au ukwaruzo wa uso wa kitu) na nafasi, ndilo lililostahili ada yote. Mwalimu hakuanzia ubaoni, bali alitandaza khanga mezani akatutaka tuseme jicho linatua wapi kwanza. Pindo hulizuia jicho lisitoke nje, mji hulivuta katikati, na jina, lililoandikwa kwa herufi kubwa ndani ya kisanduku chembamba, husomeka bila taabu kwa sababu limeachiwa uwanja wake. Khanga ya kisutu ina nyekundu, nyeusi na nyeupe tu, lakini huonekana kutoka mbali, kwa kuwa kinachofanya kazi hapo ni tofauti ya mwanga na giza kuliko wingi wa rangi.

Kutoka hapo tulihamia kwenye picha za Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini humu mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupaka baiskeli. Mnyama huchorwa juu ya usuli (sehemu ya nyuma ya picha) ulio bapa, mara nyingi bila kivuli, na nukta zinazorudiwa mwilini mwake ndizo zinazoipa picha mdundo.

Kasoro kubwa ilikuwa kijitabu cha masomo, ambacho kilitolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, gurudumu la rangi, yaani duara linaloonyesha jinsi rangi zinavyohusiana, likiwemo. Kulipia somo la rangi kisha kukabidhiwa gurudumu la kijivu ni jambo la kushangaza. Hata hivyo, ukurasa huo ulinifundisha jambo ambalo halikukusudiwa: njano na zambarau zilibaki mbalimbali kabisa, lakini nyekundu na kijani zilikaribia kuwa kijivu kimoja. Tangu hapo, kabla ya kukubali maandishi mekundu juu ya usuli wa kijani, huiangalia kadi kwanza bila rangi kwenye kompyuta, na mara nyingi majina ya maharusi hupotea.

Kanuni zenyewe, yaani urari, uwiano, msisitizo, mdundo na umoja, zilipitiwa harakaharaka, nyingine kwa kuamriwa tunakili tafsiri zake tu. Urari peke yake ulihitaji jioni nzima, kwa sababu wateja wengi hudhani kwamba kadi iliyosawazika ni ile yenye ua katika kila pembe, ilhali picha moja upande wa kushoto inaweza kusawazishwa na nafasi tupu ya kutosha upande wa kulia.

Ningeipendekeza kwa mafundi wa mabango, washonaji na wapambaji wa kumbi. Anayetaka kujifunza programu za kompyuta atafute kwingine, kwani hapa kila kitu hufanywa kwa mkono. Karatasi na rangi zimo ndani ya ada, lakini brashi utajinunulia mwenyewe.