Juisa ya shilingi 85,000: inafaa kwa karoti, haifai kwa embe

Mashine ya kukamulia juisi ninayoizungumzia ni ile aina iliyojaa kwenye maduka ya vyombo Kariakoo: kitako chenye mota, kichujio cha chuma kinachozunguka, mfuniko wa plastiki angavu, chombo cha machicha nyuma na jagi mbele. Jina kwenye boksi hubadilika, umbo ni lilelile. Nimeitumia miezi 11, mara nne au tano kwa wiki, na nimekuwa nikipima kila tunda kwa mizani ya jikoni kabla ya kulikamua, kisha juisi kwenye jagi la vipimo. Nianze na uamuzi wangu. Kwa karoti, bitiruti, tango, tufaha na nanasi, pesa yake haijapotea. Kama unachopenda ni embe, papai, parachichi na ndizi, usiinunue, nunua blenda.

Sababu iko kwenye namna inavyofanya kazi. Kwenye sakafu ya kichujio kuna meno madogo, mfano wa kibao cha kukwangulia karoti. Tunda likishuka, meno yanalikwangua, na mzunguko unarusha kila kitu kwenye kuta za wavu. Maji yanapenya kwenye vitundu, machicha yanapanda ukutani hadi juu na kutupwa nyuma. Ili hilo litokee, lazima machicha yawe na nyuzinyuzi na yawe mepesi. Embe bivu halina machicha ya namna hiyo. Linakuwa ute mzito unaopaka wavu, vitundu vinaziba, na ndani ya nusu dakika hata maji yaliyokuwemo yanaishia kwenye chombo cha nyuma. Nimeona watu wakirudisha mashine dukani kwa sababu hii wakidhani ni mbovu. Si mbovu, imepewa kazi isiyo yake.

Ukiwa dukani, igeuze usome kibandiko cha chini. Boksi la yangu limeandikwa wati 1000, kibandiko kinasema 220–240V, 50Hz, 400W. Ya kuamini ni ya kibandiko. Wati 400 zinatosha karoti, ila ukubali kukata vipande na kusukuma taratibu. Palepale utakuta herufi KB na muda, kwa yangu dakika 1. Maana yake mota imeundwa ifanye kazi dakika moja mfululizo, kisha ipumzike. Mimi naipa dakika mbili za kupoa. Anayekamua kilo tatu za karoti bila kusimama anaunguza koili, na harufu yake hutangulia: si ile harufu nyepesi ya vanishi ambayo mashine mpya huitoa siku za mwanzo, ni harufu kali ya plastiki inayoungua. Ukiisikia, chomoa waya. Umeme ukiwa hafifu, taa zikififia, ahirisha, maana mota huzunguka polepole, hushindwa kurusha machicha na huku inazidi kupata moto. Umeme wenyewe haili: dakika tatu kwa wati 400 ni uniti 0.02.

Sasa vipimo. Karoti kilo 1, zilizooshwa na kukatwa vichwa bila kumenywa, zimenipa mililita 430 nilipozisukuma taratibu kwa spidi ya 2, ile ya kasi. Kilo nyingine ya fungu lilelile niliisukuma kwa haraka nikapata 360. Tofauti ya mililita 70 ni mkono tu. Ukikandamiza, meno yanakata vipande vikubwa ambavyo vinatupwa nyuma kabla maji hayajatoka. Sauti ndiyo kipimo: mota ikianza kunguruma kwa sauti nzito, legeza msukumo mpaka irudi kwenye sauti yake nyembamba. Karoti nene kuliko dole gumba ipasue katikati kwa urefu.

Machicha ya karoti hutoka yakiwa na unyevu bado. Niliyarudisha kwenye mashine nikapata mililita 60 zaidi na povu jingi. Safari nyingine niliyatia kwenye kitambaa cha kuchujia tui nikakamua kwa mkono, nikapata 80 bila povu. Tangu hapo sirudishi kwenye mashine. Machicha yaliyobaki yanafaa kwenye unga wa keki au katlesi, na kuku wanayala vizuri.

Nanasi la kilo 1.8 nikishalimenya na kutoa moyo hubaki na kilo 1.05, na hutoa mililita 620. Moyo wa katikati usiutupe, ndio ugumu ambao mashine hii inaupenda, ukate vijiti uupitishe mwishoni. Tango nusu kilo hutoa mililita 340. Bitiruti nusu kilo, 240. Tikiti maji bila ganda, kilo 1, hutoa karibu mililita 780, lakini hapo ndipo watu huchafua meza: kwenye spidi ya 2 maji hupenya kati ya mfuniko na bakuli. Tikiti, machungwa na nanasi lililoiva sana ni spidi ya 1. Na kwa kweli machungwa ya Muheza hayahitaji mashine hii. Lazima uyamenye, maana mafuta ya ganda ni machungu, uondoe na mbegu, maana zikisagwa huharibu ladha nzima kwa uchungu. Kikamulio cha mkono kinafanya kazi ileile na kinaoshwa kwa sekunde kumi.

Mchicha na spinachi ndio udhaifu mkubwa. Robo kilo ilinipa mililita 60 tu, na nyuma nilikuta majani mazima yamepita bila kuguswa. Ni mepesi, hewa inayasukuma nje kabla meno hayajayashika. Yaviringishe kama sigara, yashindilie kati ya vipande viwili vya tango au tufaha, na utapata kidogo zaidi. Anayetaka juisi ya majani kila siku atafute mashine ya parafujo inayosaga polepole. Bei yake ni mara kadhaa ya hii, lakini kwa majani hakuna njia ya mkato.

Tangawizi ina mtego wake. Nyuzi zake ndefu hujisokota kwenye meno na kuziba wavu. Ikate vijisahani vya milimita 3 hadi 4, ukikata nyuzi kwa upana, na uipitishe katikati: karoti, tangawizi, karoti. Gramu 30 zinatosha lita moja, ukizidisha koo litakuambia. Kanuni ya jumla ya mpangilio ni laini kwanza, kigumu mwisho, kwa sababu karoti au kipande cha tango kikipita mwisho kinasafisha meno na kusukuma mabaki.

Juisi hutoka na povu kwa sababu kichujio kinachanganya hewa. Mililita 430 za karoti huonekana kama 600 kwenye jagi, kwa hiyo usipime papo hapo. Subiri dakika tano. Jagi langu lina ukingo wa plastiki ndani unaozuia povu wakati wa kumimina, na unafanya kazi. Hewa hiyohiyo ndiyo inayogeuza juisi ya tufaha kuwa kahawia haraka. Nusu ndimu ikiingia mapema inachelewesha. Kunywa siku hiyohiyo. Ikibidi kuhifadhi, jaza chupa mpaka mdomoni, ifunike, weka kwenye friji na usivuke saa 24, kwa sababu juisi hii haijapita kwenye moto wowote. Ndiyo maana karoti zenye udongo lazima zisuguliwe kwa brashi chini ya maji safi, kusuuza tu hakutoshi. Mwenye kisukari ajue pia kwamba nyuzinyuzi zimebaki kwenye machicha na sukari imeingia kwenye glasi.

Kuosha ndiko kunakoamua kama mashine itadumu au itakaa juu ya kabati. Ukiosha mara tu baada ya kukamua ni dakika nne. Ukiiacha saa moja, machicha yanakauka ndani ya vitundu na utasugua dakika ishirini. Wavu uusugue kutoka nje kwenda ndani, kwa brashi ngumu ya nailoni, chini ya maji yanayotiririka; ukisugua kutoka ndani unazidi kushindilia uchafu. Sifongo haifai, meno yanaichana na vipande vyake vinabaki ndani. Kila wiki mbili ulaze kichujio kwenye maji ya uvuguvugu yenye kijiko kimoja cha baking soda kwa nusu saa. Rangi ya karoti kwenye plastiki haitoki kwa sabuni, inatoka kwa tone la mafuta ya kula na kitambaa, kisha sabuni.

Mashine ikigoma kuwaka, usikimbilie kwa fundi. Chini ya vishikio viwili vya pembeni vinavyobana mfuniko kuna swichi ya usalama, na punje ya karoti kwenye mfereji wa mfuniko inatosha kuizuia isibonyezwe. Ikitetemeka na kutembea mezani, zima. Ama kichujio hakijakaa, ama machicha yamejaa upande mmoja. Kichujio kikikaa sawasawa utasikia "tak" unapokibonyeza kwa vidole vya mikono miwili, na ukikizungusha kwa mkono hakigusi bakuli popote.

Kitu kingine cha kukagua ni njia ya juisi. Mdomo wa kutolea ukizibwa na machicha, juisi hujaa kwenye bakuli na kushuka kupitia katikati, kwenye shafti ya mota. Sukari inakauka kwenye beringi, na baada ya wiki chache unasikia mlio mwembamba wa kukwaruza mashine inapowaka. Nilipousikia nilipeleka kwa fundi, akafungua, akasafisha, akatia grisi na kuniambia kaboni za mota, vile vijiti vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka na huisha kwa kusagika, bado ni ndefu. Tangu hapo napitisha kidole kwenye mdomo huo kila baada ya nusu kilo, mashine ikiwa imezimwa.

Na kichujio. Kila Jumamosi nakiinua kwenye mwanga wa dirisha na kukizungusha polepole. Kwanza natazama mshono wa wavu, pale chuma kinapokutana na chuma: kitundu kikubwa kuliko wenzake, hata cha ukubwa wa kichwa cha pini, ni dalili ya kuchanika. Kisha naminya pete ya plastiki ya juu kwa vidole gumba. Mwezi wa nane niliona kwenye pete hiyo mstari mweupe wa urefu wa ukucha, na nilipominya ukafunguka. Kwa macho ya haraka ungeuona kama mkwaruzo. Kichujio kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kikipasuka katika mwendo huo vipande vinapiga mfuniko mbele ya uso wako. Chenye ufa hakigundishwi kwa gundi wala kutumiwa mara moja ya mwisho. Kinatupwa.

Hapo ndipo niligundua swali nililopaswa kuuliza siku ya kununua: je, kichujio cha akiba kinauzwa? Duka nililonunulia halikuwa nacho. Nilikipata kwa muuza vipuri, shilingi 18,000, lakini ilibidi nipeleke kile cha zamani tulinganishe kipenyo, kimo na umbo la tundu la chini linaloshika shafti. Vilivyofanana kwa macho vilikuwa vitatu, kilichokaa bila kucheza ni kimoja.

Kwa hiyo dukani omba waifungue, kaza kichujio mwenyewe, iwashwe tupu kwa sekunde kumi kwenye spidi zote mbili, weka kiganja juu ya mfuniko usikie mtetemo, na uulize bei ya kichujio kabla ya kuuliza punguzo la mashine.