Uzoefu wangu na Triumph Bonneville T120 ya 1970 iliyofufuliwa

Rangi ya pikipiki hii haina kasoro, na karibu kila tatizo nililokutana nalo limetokana na rangi hiyo. Ni cc 649, silinda mbili, kazi ya kiwanda cha Meriden karibu na Coventry, na iliuzwa kama imefufuliwa yote, kuanzia injini hadi nyaya. Nimeshaiendesha kilomita 1,400 na ningeinunua tena. Ila safari hii ningeanza na umeme na oili, kromu ya eksozi ningeiangalia mwisho.

Namba zake ziko sawa. Matoleo haya yana herufi mbili kabla ya namba: ya kwanza ni mwezi, ya pili ni msimu, na D ni msimu wa 1970. Namba ya injini lazima ilingane na ya fremu, iliyogongwa upande wa kushoto wa shingo. Pale namba ya injini ilipogongwa pana nembo ndogo ndogo za Triumph zinazojirudia. Ukikuta pamelainika, jua pamepigwa msasa.

Sasa umeme. Kwenye pikipiki hii chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Aliyepaka rangi alipaka kila mahali, hadi chini ya boliti zinazopitisha umeme. Injini ikawa inakatakata, na betri ikawa inachemka. Chini ya taa ya mbele kuna kipande cha alumini chenye mapezi, ndani yake imefungwa diodi ya Zener inayozuia chaji isizidi. Rangi ilikuwa imeikatia njia, kwa hiyo mita ilisoma volti 16.2 injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Nilikwangua rangi chini ya boliti mpaka chuma kikang'aa, nikarudisha waya mwekundu unaounganisha diodi hiyo na bodi, nikapaka vaselini kidogo. Volti zikashuka hadi 14.6 na hazijapanda tena.

Upande wa oili kazi ilifanyika vizuri, na hapo fundi anastahili sifa. Oili haikai chini ya injini, inakaa kwenye tangi lake na kuzungushwa na pampu. Washa, fungua kifuniko cha tangi hilo, chungulia: ndani ya sekunde chache unatakiwa uone oili ikirudi kwa kurukaruka, imechanganyika na hewa. Isiporudi, zima hapo hapo. Pikipiki ikisimama muda mrefu oili huteremka taratibu kupita kwenye vali za pampu na kujaa chini, ndiyo maana ukiwasha inatoa moshi wa buluu. Yangu ikikaa siku 10 moshi unatoka dakika moja tu, kisha unakata.

Swali ninalolitilia mkazo kuliko yote: je, kranki (mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni) ilifunguliwa? Ndani yake kuna kibomba kinachonasa uchafu wa oili. Kikijaa, beringi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na kranki) zinakosa oili na injini inakufa, hata kama pistoni ni mpya. Hakisafishwi bila kushusha injini na kuipasua. Dai picha za kibomba hicho kikiwa nje.

Kabureta ni mbili, Amal Concentric, na zote zilipewa slaidi mpya (vipande vinavyopanda na kushuka ndani yake ukivuta mafuta). Kabla ya kuwasha, shika klachi upige kiki mara mbili ili sahani zilizogandana ziachane. Usipofanya hivyo, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Breki ya mbele ni ya ngoma yenye viatu viwili. Ilikuwa dhaifu kwa sababu fimbo inayounganisha mikono miwili ilikuwa fupi mno, kiatu kimoja tu kikawa kinafanya kazi. Niliirefusha kwa mizunguko miwili, sasa inashika barabara.

Baada ya kilomita 400, kaza upya boliti 9 za silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) injini ikiwa baridi kabisa, kisha useti nafasi za valvu, maana ukikaza zinabadilika: milimita 0.05 za kuingiza (nyuma), 0.10 za kutolea (mbele). Valvu moja ya kuingiza ikifunguka mpaka mwisho, unaseti mwenzake. Za kutolea vivyo hivyo. Tumia spana za inchi, za milimita zitakula vichwa vya nati.