Kopo la kulegeza kutu: nyota tatu, na mtarimbo ningeupa nne

Ningeandika maoni haya wiki ya kwanza, kopo hili lingeambulia nyota moja, na kosa lingekuwa langu.

Ni yale mafuta ya kupuliza, yenye mrija mwembamba uliobandikwa ubavuni. Chapa siitaji, nimeshatumia tatu tofauti na sijaona tofauti ya kunigombanisha na mtu. Lebo inasema pulizia, subiri dakika 15, fungua. Kwa nati ya bomba la moshi nakubali. Kwa giaboksi, hizo dakika 15 ni porojo.

Trekta yangu ni Massey Ferguson 135 ya mwaka 1969, injini ya Perkins ya silinda tatu, gia sita za mbele na mbili za nyuma. Ilisimama nje miezi 14 huku mpira wa kwenye shina la liva ya gia umepasuka, na kila mvua iliyonyesha ilishuka na liva hadi ndani. Siku niliyoirudia, liva ilipepea huku na huku kama kijiko kwenye kikombe kitupu. Haikushika gia yoyote.

Kabla ya kununua chochote nilitaka kujua mgonjwa ni nani, maana klachi iliyokaa sana nayo hugandana na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na kukudanganya. Hii trekta ina liva mbili, ndefu ya gia na fupi ya mwendo mzito au mwepesi, na yangu haipigi stata mpaka ile fupi iwe kwenye nafasi ya kuwashia, yaani magurudumu yameachwa huru. Nikaiweka hapo, nikakanyaga klachi, ikawaka vizuri. Nikaachia klachi taratibu: injini ikakohoa, ikazimika kama imegonga ukuta. Magurudumu hayakuwa na mzigo wowote, kwa hiyo kilichoizima kilikuwa ndani ya giaboksi. Gia mbili zilikuwa zimeingia kwa mpigo mmoja, zimekabana.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Kwa siku tatu nilipulizia kupitia tundu la liva, asubuhi na jioni, nikiitikisa. Nusu ya kopo ikaenda. Hakuna kilichosogea, na sasa najua kwa nini: mafuta yalikuwa yakidondokea kwenye oili tu, na kutu yenyewe haikuguswa. Siku ya nne jirani akaja na trekta yake na mnyororo, akasema, "Tuivute tu, itaachia yenyewe." Nilimshukuru nikakataa. Gia zilizokabana ukizivuta huachia kweli, ila huachia meno.

Nikafungua mfuniko wa juu unaobeba liva. Oili ilikuwa nyeupe, nzito, imechanganyika na maji. Ndani kuna fimbo zinazoteleza, kila moja na uma wake unaosukuma gia, na kila fimbo ina pengo ambamo ulimi wa liva huingia. Zote zikiwa kwenye gia huru, mapengo hukaa mstari mmoja, na ulimi hupita kutoka moja hadi jingine. Kwangu fimbo moja ilishikwa na kutu ikiwa ndani ya gia. Ulimi ukachomoka kwenye pengo lake, ukaenda kuisukuma ya pili nayo ikaingia. Ukiangalia kwa tochi unaona wazi: mapengo yamepishana, moja mbele, jingine nyuma.

Ile ambayo haikuwa na kutu niliirudisha kwa mtarimbo mfupi, ikalia "tak" ilipokaa. Iliyobaki ndiyo iliyolipa hela ya kopo. Mrija ule mwembamba ukafika pale fimbo inapoingia kwenye ukuta wa chuma, mahali ambapo kidole hakifiki. Nikapulizia jioni, nikafunika kwa turubai, nikalala. Asubuhi nikaweka kipande cha mbao, nikagonga kidogo mbele, kidogo nyuma, bila hasira. Pigo la sita au la saba ukatoka utepe wa maji ya kahawia pembeni mwa fimbo, kisha ikateleza.

Usafishaji ulichukua muda kuliko ukombozi. Nilifungua kizibo cha chini: maji kwanza, kisha ule uji mweupe. Nikasuuza kwa dizeli, nikaimwaga yote, na sikuwasha injini dizeli ikiwa humo kwa sababu pampu ya hidroliki ya 135 inavuta oili hiyohiyo ya giaboksi. Nikaweka oili mpya, nikafanya kazi siku chache, nikaimwaga tena. Ya pili ilitoka na ukungu kidogo tu.

Nyota mbili nimezikata kwa ajili ya lebo, na kwa valvu inayovuja ukililaza kopo: nililiacha usiku mmoja kwenye sanduku la spana, nikakuta robo imeishia kwenye matambara. Tena linashika moto upesi, kwa hiyo anayependa kupasha nati kwa gesi asilishike kabisa siku hiyo. Ukinunua, chukua dogo lenye mrija mrefu. Kubwa litakushawishi kupulizia tundu la liva siku tatu.

Mpira mpya wa liva nimeufunga kwa waya, mizunguko miwili.