Lenzi ya kamera ya milimita 50 au zumu ya 70-200 kwa kupiga picha za ngoma jukwaani?

Nimepiga na zote mbili pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na wakishusha taa kiza kinaingia kweli, flashi huwashi kabisa maana unamtoa mchezaji mchezoni. Kwa hiyo swali la kwanza ni mwanga. 50 yenye f/1.8 (f ni uwazi wa lenzi, namba ikiwa ndogo uwazi ni mkubwa) inaingiza mwanga mara mbili na zaidi ya zumu ya f/2.8, yani pale zumu inapokulazimisha ISO 6400 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga, ikipanda sana picha inajaa chengachenga) wewe na 50 unashuka mpaka kama 2500 na shata bado iko 1/500 ya sekunde, na hiyo 1/500 muhimu jamani, kwenye Sindimba, ngoma ya Wamakonde, kiuno kikishachanganya ukiweka 1/60 unaondoka na ukungu mtupu.

Ila 50 inataka ukae mbele kabisa, na kila ukibonyeza wasanii wanasikia, hasa kwenye yale maigizo ya mwili yasiyo na maneno, kimya kinakuwa kizito. Zumu unakaa nyuma humsumbui mtu. Kuna dada alikuwa anaigiza mama aliyefiwa, hakulia, alikunja tu vidole vya miguu taratibu kwenye sakafu, nilivipata kwa 200 nikiwa safu ya nyuma, na 50 vingekuwa vidoa tu.

Uzito zumu karibu kilo moja na nusu, mkono unachoka. Bei ndo usiseme.

Mi anayeanza namwambia anunue 50, aende siku ya mazoezi ya mwisho akiruhusiwa kusogea karibu, usiku wa onyesho lenyewe aazime zumu.