Kitufe cha "Tazama Kwanza" kimenikata mshahara

Naanza na nyota mbili. Nikimaliza kuandika tutaona zimebaki ngapi.

Nauza pembejeo hapa Dodoma, jirani na soko la Majengo. Programu yetu ya duka inabadili bei za bidhaa nyingi kwa mkupuo, na ina kitufe cha "Tazama Kwanza" ili uone mabadiliko kabla hayajaingia. Mimi ndiye niliyembembeleza bosi ainunue, kwa ajili ya kitufe hicho.

Mvua zilipoanza kugusa, bosi akasema mbegu za alizeti, pakiti ya kilo mbili, zote ziwe 12,000. Tunazo za kampuni tano. Nikaandika "alizeti" kwenye kichujio, nikatazama kwanza: mistari mitano, yote alizeti. Nikathibitisha.

Kumbe kichujio hakikushika. Na kule kutazama kunaonesha mistari mitano ya mwanzo tu, kwa alfabeti! A ya alizeti. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba bidhaa 640 zinabadilika. Jembe 12,000. Kufuli 12,000. Foleni ndefu, nami nasoma bei kwenye skrini kama kasuku. Mzee mmoja akaingia na "mbukwenyi" yake ya upole, salamu ya Kigogo, akaondoka na bomba la dawa la 55,000 kwa 12,000, akinishukuru mpaka mlangoni.

Nikapiga huduma kwa wateja. "Dada, mfumo ulikuonesha, ukakubali." Ulinionesha mkia, ng'ombe mzima ukamficha! Akaniambia nisome mwongozo, akakata.

Mdogo wangu anasoma kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Anasema hata kwa SQL ya kawaida, lugha ya kuagiza kanzidata, kwanza unahesabu mistari kwa SELECT COUNT ukitumia WHERE, yaani sharti la kuchagua mistari, ileile utakayoipa UPDATE, amri ya kubadili. Kisha BEGIN ya kuanza bila kuthibitisha, unabadili, unakagua. Ukiona mambo siyo, ROLLBACK, yanarudi kama yalivyokuwa. UPDATE isiyo na WHERE inafagia jedwali zima wala haikuulizi. Yaani nilichokosa ni namba moja tu chini ya skrini!

Haki yao niwape: nakala ya usiku ilikuwepo, bei zikarudi mchana uleule, ingawa mauzo ya asubuhi tuliyaingiza upya kwa mkono. Hapo nilitaka kuongeza nyota ya tatu. Na kichujio, sawa, huenda nilisahau kubonyeza Enta. Huenda.

Ila lile "ukakubali"... Nyota moja. Shilingi 43,000 za bomba nimekatwa mimi, na mzee hajapita tena.