Absolute Batman: Jamani, Hii Nembo ya Kifuani!

Mwagonile wanangu! Niko hapa hapa Mbeya, na baridi la leo mnaliona kwenye hili koti, silivui mpaka video iishe. Kama ndiyo mara yako ya kwanza kupita hapa, jiunge na chaneli, ni bure. Na ninyi mnaoniandikia kila siku "Absolute Batman lini?", haya, tulieni.

Stori ya Batman sirudii. Gotham, popo, wazazi kupigwa risasi, mambo yapo tangu 1939. Ila hii komiki ya mwandishi Scott Snyder na mchoraji Nick Dragotta, iliyoanza Oktoba 2024, imemnyang'anya jamaa hela zote. Jumba hana, mtumishi hana. Bruce, yaani Batman mwenyewe akivua kofia, ni injinia wa jiji. Baba yake alikuwa mwalimu, akauawa akiwaokoa wanafunzi wake kwenye safari ya bustani ya wanyama. Mama yupo hai kabisa. Alfred, yule mtumishi wake wa siku zote, hapa ni mpelelezi wa MI6, majasusi wa Uingereza, katumwa. Na tajiri ni nani? Joker, adui yake mkubwa! Hapo niliweka simu chini kwanza.

Sasa sogeeni. Sogeeni kabisa. Subiri kamera ikae sawa... haya. Mnaiona hii nembo? Kwa Batman wengi tuliowazoea, popo wa kifuani ni pambo tu. Huyu popo wake ni chuma. Cheki kingo zilivyokatwa, hazina mviringo, zimekaa kibabe, bega mpaka bega. Na inang'oka! Anaitoa kifuani, anaipachika kwenye mpini, tayari ni shoka. Nimekata boksi nione ukubwa wake, hili hapa. Nikiliweka kifuani, mabawa yananifika kwapani, na mimi mnanijua si mwembamba. Ngoja nigeuke pembeni. Mnaona? Hata mkono haushuki vizuri. Na hili ni boksi tu. Nikienda kwa mafundi pale Sido Mwanjelwa wanichomelee la chuma, kulibeba mpaka Mafiati tu nitakuwa nimeshakaa chini mara kadhaa. Yeye anaruka nalo maghorofani.

Ndiyo maana nasema Snyder kapatia. Mtu akiwa na hela, kila shida ananunulia kifaa chake. Huyu hana, kwa hiyo kila alichovaa lazima kifanye kazi. Hata masikio ya kofia yanatoka, ni visu. Unaona kabisa hapa kuna injinia aliyekaa usiku na penseli. Na Dragotta anamchora mnene, mabega yanakula ukurasa, ukimwona unajua huyu akikugonga unakwenda. Rangi za Frank Martin nazo... hapana, tutakesha.

Najua watu wa Marvel, kampuni pinzani, mmeshaanza kuandika huko chini. Spider-Man wa Jonathan Hickman na Marco Checchetto, yule mwenye mke na watoto, aliyeanza Januari 2024. Nimemsoma, nampenda. Lakini wanangu, pale watu wanakaa mezani wanaongea, wanaongea, chakula kinapoa. Mimi nataka shoka.

Haya, na ya kuniudhi yapo, msije mkasema nimelipwa. Bane. Kuanzia toleo la 9 tunaingia kwa Bane, adui mwingine wa Batman, na mwanzoni nilikuwa napiga kelele humu ndani mpaka jirani akagonga ukuta. Anatisha kweli. Lakini mateso yakazidi mateso, mwezi unapita unasubiri, unafungua, bado Bruce anapigwa. Jamani, mpeni mtu hata chai! Nikisoma matoleo yale kwa mfuatano yanakwenda vizuri zaidi, hilo nakubali. Shida ni kusubiri.

Halafu majalada. Toleo moja, majalada kibao, ndani ni kitu kilekile. Toleo la kwanza lilitoka kwa dola 4.99, yaani hapo ni zaidi ya elfu kumi na mbili, bado hujalisafirisha kutoka Marekani. Kwa hela hiyo mtu akuuzie jalada? Hapana. Mimi nasoma kwenye simu, na leo bando limekata nikiwa katikati ya kurasa, ndiyo maana mnaona nimepiga picha za skrini.

Nilitaka kuwaambia mnunue kila mwezi, ila nikipiga hesabu roho inakataa. Msubiri juzuu, kitabu kimoja chenye matoleo kadhaa. Ya kwanza inaitwa The Zoo, ina matoleo 1 hadi 6, na shoka lote limo humo. Ya Bane msome baadaye kwa mkupuo, msiteseke kama mimi.

Video ijayo ni Absolute Wonder Woman ya Kelly Thompson na Hayden Sherman. Upanga wake ni mkubwa kuliko yeye mwenyewe, kwa hiyo nahitaji boksi la friji. Mwenye nalo hapa Soweto au Kabwe aniandikie, nalifuata mwenyewe.